Mwiko wa Mkono wa Kushoto

Watu wakiniuliza habari za marehemu mume wangu, Nyamweya, hutarajia nilie. Silii. Mtu yule alinitesa, na si kwa fimbo, maana hakuwahi kuninyanyulia mkono. Alinitesa kwa ukimya. Ungeweza kumwambia nyumba inaungua, naye akageuza kipande cha mti mkononi, akakipuliza vumbi, kisha akakuuliza, "Upande gani?" Na siku mdomo wake ulipofunguka, ungeomba ufungwe tena.

Tulikaa mlimani nyuma ya Masimba, na mbele za watu kazi yake ilikuwa kama ya kila mtu: wimbi, migomba, ng'ombe wawili watatu. Lakini raha yake, tena niseme ugonjwa wake, ilikuwa kuchonga miiko. Si vigoda, si mipini ya majembe kama wanaume wenye akili zao. Miiko! Kitu cha jikoni, mahali ambapo mwanamume wa kwetu hata akipita hutazama kando. Walimcheka kanisani, wakamcheka sokoni. Yeye aliwatazama tu matumboni na kuwaambia, "Unacheka umeshiba. Umeshibishwa na nini?"

Alikata tawi la mpera, akalipasua, akalilaza chini ya kitanda likauke taratibu. Chini ya kitanda changu, si chake. Likishakauka alilichonga kwa tezo, akalimalizia kwa kisu kidogo alichokipinda mwenyewe motoni, akalisugua kwa majani ya msasa mpaka likawa laini, mwisho akalipaka mafuta ya mbarika. Nyumba yangu ilinuka mbarika tangu nilipoolewa. Vumbi la mti lilikuwa kwenye blanketi, kwenye maziwa, kwenye nywele za mtoto. Nikipiga kelele alihamia nje, mvua ikija anarudi.

Na hakuuza. Aliyetaja bei alifukuzwa. Aliwapa wanawake aliowachagua yeye, bila kuombwa, na hata kuwapa hakuwapa mwenyewe; mtumwa alikuwa mimi. "Mpelekee mke wa Ogari." "Mpelekee yule mjane wa kule chini mtoni." Nami najifunga leso, naenda, kama sina kazi. Ajabu ni kwamba kila mwiko ulimkaa mwenyewe mkononi. Huyu alipewa mwembamba shingoni, yule mnene wenye ncha pana. Mke wa Ogari aliniambia maumivu ya kifundo cha mkono yalimwisha. "Mama Alfayo," akaniuliza, "mzee alijuaje?" Nikamwambia amuulize mwenyewe, maana hata mimi sikujua.

Ukimwomba, hupati. Persis, mjane wa shemeji yangu, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, alimwomba mbele ya watu. Nyamweya akamjibu bila hata kuinua macho, "Mwiko hauwezi kusaidia chungu kinachonuka maneno." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Persis alicheka pia, lakini nilimwona shingo ilivyovimba, nikajua siku hiyo tumejipalia makaa. Mwanamke yule hasahau. Ukimkanyaga leo, atakukumbusha siku ya maziko yako.

Na mimi je? Mimi mkewe, niliyempikia tangu akiwa na meno yote? Sikupata hata mmoja. Nilikoroga kwa mwiko nilioletewa na mamangu, umeungua nusu, ncha imelika mpaka mkono wangu ukawa unaingia kwenye mvuke. Nilimwuliza mara moja tu. Akasema, "Wako bado unafanya kazi." Sikumwuliza tena. Nina haya zangu.

Basi mwanangu Alfayo akaoa. Alimwoa Bonareri, msichana wa upande wa Ogembo, mrefu, mpole, mwenye kucheka na kujiziba mdomo. Nilimpenda, na sipendi watu ovyo. Alfayo alikuwa kibarua kwenye majani chai huko Kericho, anakuja likizo na kurudi, kwa hiyo Bonareri alibaki na sisi katika nyumba yake pale pale bomani, yeye na mtoto wao wa kike, Kwamboka.

Sasa, kwa asiyejua mambo yetu. Kwetu mzee haingii nyumbani mwa mke wa mwanawe. Haingii, basi. Mvua ikimkuta atasimama chini ya ukingo wa paa alowe. Hampi mkono, hamtazami machoni, na akitaka kumpa kitu hukipitisha kwa mkewe. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na si mchezo. Mzee akisemwa tu kwamba alionekana jikoni mle, ukoo mzima hauketi. Mwanamke hurudishwa kwao, watoto hubaki, na mzee mwenyewe huwa si mtu tena. Nyamweya kwa jambo hilo alikuwa mkali kupita wote. Bonareri akipita uani, yeye aligeukia migomba na kusimama huko mpaka hatua ziishe.

Na Bonareri alikuwa na siri yake ndogo: alikuwa wa mkono wa kushoto. Mamake alimchapa mkono ule tangu utotoni mpaka akajifunza kuuficha. Mbele za watu alikata mboga kwa kulia, akala kwa kulia, akasalimu kwa kulia. Lakini ugali wa wimbi ni mzito, hauongopewi. Akiwa peke yake alifunga mlango, akahamisha mwiko, akakoroga kwa mkono alioumbiwa. Aliyejua ni mumewe peke yake. Mimi mama mkwe, niliyekuwa naingia na kutoka kwake kutwa, sikujua.

Siku moja, mwaka wa arobaini na tisa, Nyamweya alinipa mwiko mpya. "Mpelekee mke wa Alfayo."

Niliugeuza. Ukingo wa upande mmoja ulikuwa umekatwa mshazari, lakini si upande ambao huwa anaukata. Nikamwambia, "Huu umeuharibu. Macho yako yamekwisha."

"Peleka," akasema.

Nikaupeleka kwa mkono wangu huu. Bonareri aliupokea, akaugeuza, akanyamaza. Nilidhani ameudharau. Kisha akaukumbatia kifuani, jamani, mwiko, akasema, "Mwambie baba asante." Nikamwambia. Nyamweya akaitikia "Mm" na kuendelea kunoa kisu. Hayo ndiyo yaliyokuwa kati ya mume wangu na mke wa mwanangu. Hayo tu, na atakayesema zaidi aje aseme mbele yangu.

Alfayo alikuja likizo mavuno ya wimbi yakianza. Jioni ile alikula akashiba, akavuta chungu akwangue ukoko kama alivyozoea tangu mdogo. Akaushika mwiko kwa mkono wa kulia, ukamgeukia. Akajaribu tena, ukamgeukia tena. Akauhamisha kushoto, ukatulia. Alitoka mle ndani na ule mwiko, akaja mlangoni pangu nikiwa napepeta.

"Mama. Nani alimwambia baba?"

"Kumwambia nini?"

"Kwamba mke wangu ni wa kushoto."

"Kwani ni wa kushoto?" nikasema.

Lo! Laiti ningemeza ulimi. Nilimwona mwanangu uso ukimbadilika pale pale. Kama mimi ninayeingia jikoni mle sijui, na baba asiyeruhusiwa hata kukaribia mlango anajua, basi baba ameona wapi? Na mbona msichana alipokea akanyamaza? Na mwanamume anapokaa Kericho mwezi hadi mwezi, nyumbani kunafanyika nini? Hakuyasema. Hakuwa na haja, maana ng'ambo ya ua alikuwepo Persis anachuma mboga, na alisema badala yake. "Aa," akasema polepole, "kumbe miiko ilikuwa inapimwa ndani." Jua halijatua vizuri, mlima mzima ulikuwa umesikia.

Nilimfuata nikamtukana mpaka sauti ikakauka. Haikusaidia. Alfayo alimtuma mtu Ogembo amwite babake Bonareri aje amchukue binti yake, na akasema Kwamboka habanduki. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Bonareri hakujitetea, aliniambia tu, "Mama, sijui alijuaje. Wakinichukulia mtoto nitakufa." Nami nilijua hasemi kwa kutia chumvi, niliona macho yake.

Nikamwendea Nyamweya. Alikuwa nyuma ya ghala anachonga, fikiria, anachonga! Nikampokonya kisu.

"Sema ulijuaje."

Alipuliza vumbi kwenye mti.

"Nyamweya! Mtoto wa watu anarudishwa kwao kwa aibu. Mjukuu wako ananyang'anywa titi. Umeingia kule ndani?"

Hapo aliniangalia, na kama macho yangechapa ningeanguka. "Umeishi na mimi mpaka leo unaniuliza hivyo?"

"Basi sema!"

Akapanda ghalani, akaingiza mkono chini ya paa, akashusha gunia. Akalifungua mbele yangu. Lilikuwa limejaa miiko mizee. Imeungua, imepasuka, mingine haina ncha, mingine imebaki mpini. Nikaiona ya mke wa Ogari, yenye uzi shingoni. Nikaiona ya yule mjane wa mtoni.

Kwetu mwanamke mwiko ukimchoka huutupa pamoja na majivu chini ya migomba. Kumbe mume wangu alikuwa akizunguka kwenye migomba ya watu alfajiri, akiiokota. Mwiko uliotumika, akaniambia, umeandikwa mkono wa mwenyewe. Pale kidole gumba kilipokaa pamelika. Upande unaogusa chungu umelika. Anayekoroga kwa hasira umelika hivi, anayeumwa na bega umelika vile. Aliusoma mzee, akachonga mpya unaomfaa. "Wa Bonareri niliuokota penye majivu yake," akasema. "Umelika upande usio wa kawaida. Nikajua."

Ningecheka, kama ningeweza. Maana mtu anayeokota vitu vilivyoshikwa na mikono ya watu, kimya kimya, migombani, alfajiri, na kuvificha ghalani, kwetu ana jina moja: mchawi. Ndivyo wanavyofanya. Unyoya, kitambaa, kijiti ulichochokonolea meno, chochote chenye jasho lako. Nyumba zilikuwa zimechomwa kwa visivyofika hata nusu ya gunia lile, na wenyewe wakiwa ndani.

"Wewe ni mchawi?" nikamwuliza.

"Ningekuwa mchawi Persis angekuwa hai?"

Nilimchukia kwa jibu lile, na nilimwamini. "Waambie, basi. Waonyeshe. Msichana atapona."

"Na sisi?"

Akafunga gunia. "Ataolewa kwingine," akasema, "ni kijana." Nikamwambia hana moyo, ana kipande cha mpera kifuani. Nikamwambia kama hatasema, nitasema mimi, waje wachome, nitawashikia kibiriti. Siku zile hatukuzungumza tena, na kwa kweli tofauti sikuiona sana.

Walikutana Jumapili, uani kwetu. Wazee wa ukoo walikaa juu ya vigoda, mbele yao Angwenyi, binamu mkubwa wa mume wangu, mzee wa sauti ndogo anayesikiwa na wote. Wanawake tulisimama kando ya ghala. Babake Bonareri alikuja na fimbo yake, akaketi mbali, kichwa chini, hakuonja hata maji. Bonareri aliketi chini na mtoto mgongoni. Nyamweya akaketi akiwa ametupa mgongo, anatazama migomba.

Angwenyi akauliza mara ya kwanza. "Nyamweya, ulijua vipi mkono wa mke wa mwanao?"

Kimya. Akauliza tena. Kimya. Wazee wakaanza kunung'unika. Persis akakohoa, kikohozi kile cha kujipa nafasi, akasema, "Asiye na neno ana sababu."

"Wewe nyamaza!" nikamwambia. "Hili si genge lako la umbeya." Angwenyi akaniinulia mkono ninyamaze, nikanyamaza. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa. Nilisema moyoni, wakigusa mtoto, nasema.

Mwanangu Alfayo akasimama. Sitasahau, na sijamsamehe sawasawa hadi leo, ingawa ni mwanangu. Akamwendea mkewe, akafungua fundo la leso, akamtoa mtoto mgongoni. Kwamboka akapiga yowe. Bonareri aligeuka kwa haraka, akamkamata mtoto mguu, na alimkamata kwa mkono wa kushoto. Mbele ya wazee wote. Hakukumbuka kuuficha. Babake alifumba macho.

Nikafungua mdomo. Lakini Nyamweya alikuwa amegeuka, na kwa mara ya kwanza tangu msichana yule aolewe kwetu, alimtazama. Hakumtazama usoni, alitazama ule mkono. Kisha akainuka, akapita katikati ya wazee bila kuomba njia, akapanda ghalani, akashuka na gunia, akalimimina miguuni mwa Angwenyi.

Miiko ilimwagika kwa mlio kama wa mifupa.

"Huu ni wa mke wa Ogari," akasema. "Kifundo kilimuuma, ndiyo maana umelika shingoni. Huu ni wa mjane wa mtoni, alikuwa na chungu kikubwa kuliko nguvu zake. Huu ni wa Persis. Mtazame alivyoula, huyu hakorogi, anapiga." Hata katika saa ile alimtukana! "Na huu ni wa mke wa Alfayo. Niliuokota kwenye majivu, chini ya migomba. Mwanamke wa mkono wa kulia hawezi kuula upande huu. Sikuingia kwake. Sikumwuliza. Mwiko uliniambia."

Angwenyi aliuchukua wa Bonareri mkono mmoja, na wa mke wa Ogari mkono mwingine. Akailinganisha, akapitisha kidole gumba kingoni, akampa mzee wa pili, naye akampa wa tatu. Ilizunguka kwa wazee wote. Mwishowe akasema, "Ni kweli. Msichana hana neno. Alfayo, mrudishie mamake mtoto."

Alfayo akarudisha. Bonareri alimfunga mgongoni, na babake akaomba maji sasa, akanywa kibuyu kizima. Nilisema asante Mungu. Niliisema haraka, kwa sababu nilijua kinachofuata.

Wanawake walikuwa wamesogea wanaitazama miiko yao. Mmoja akautambua wake, akanyosha mkono, kisha akaurudisha kama umeungua. Wakaanza kurudi nyuma. Na Persis, nani mwingine, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Kwa hiyo Nyamweya amekuwa akija migombani kwetu alfajiri kuokota mikono yetu."

Sitaki kueleza yote yaliyopigwa kelele. Waliokula kwa miiko yake miaka na miaka sasa walikumbuka mimba zilizotoka, ng'ombe waliokufa, kikohozi cha bibi fulani. Mke wa Ogari, aliyeponywa kifundo, alipiga kelele kuliko wote. Nyumba haikuchomwa kwa sababu Angwenyi alikaa kwenye mlango wetu na kukataa kuinuka, na kwa sababu mvua ilikuja kubwa. Kabla ya mvua walilichoma gunia. Wazee walichinja kondoo wa kutakasa boma, wakachukua tezo na kile kisu kilichopinda wakavizika wanakokujua wao, na Nyamweya akaambiwa asionekane tena kwenye migomba ya mtu. Alikubali yote kwa kichwa. Alfayo alirudi Kericho bila kumuaga babake.

Asubuhi yake nilikuta miiko imetupwa juu ya ua wetu. Ile mizuri, mipya, aliyowapa. Iliendelea kutupwa siku nyingi, mmoja mmoja, watu wakipita wanarusha na kuongeza mwendo. Niliikusanya nikaipikia. Mpera unawaka vizuri, hilo nawaambia.

Mwiko wa Bonareri haukurushwa. Aliuleta mwenyewe mchana, mtoto mgongoni, akauweka kizingitini kwangu. Alikuwa analia. "Mama, wanawake wamesema nikiendelea nao, watamwandikia Alfayo barua. Watasema na mimi nimo. Watanichukulia mtoto."

Hebu fikiria. Yule mzee ameuza jina lake kwa ajili yake, naye anamrudishia kitu chake mlangoni! Nilimtukana. Nilimwita mwoga, nikamwita asiye na shukrani, nikamwambia aondoke machoni pangu. Aliondoka. Nyamweya alikuwa ameketi ndani, amesikia neno kwa neno. Nikatazamia aseme kitu. Akasema, "Ana mtoto," basi.

Nilitaka kuutia ule mwiko motoni pia. Niliushika hivi, juu ya moto. Kisha nikautazama mwiko wangu wa mama, uliobaki kijiti, nikauchoma huo badala yake. Tangu siku hiyo nikakoroga kwa mwiko wa mkono wa kushoto, mimi wa kulia. Ulinigeukia. Uliniumiza mkono. Ugali wangu ukawa na madonge, na Nyamweya aliyala madonge hayo bila neno, tukiwa wawili tu, kwa sababu hakuna mtu aliyeketi kula kwetu tena. Kuvuna wimbi nilivuna peke yangu. Kanisani benchi letu lilikuwa letu wawili tu. Persis akikutana nami njiani alivuka upande wa pili na kunisalimu kutoka huko, kwa adabu tele, nyoka yule.

Miaka ikaenda. Aliugua kifua, mwaka wa hamsini na sita. Jioni moja aliniomba mwiko. Nilidhani homa imempanda, nikampa. Aliupapasa kwa kidole gumba, polepole, akafika kwenye ukingo, akasimama.

"Umelika," akasema.

"Si ajabu. Napika kila siku, wewe unakula."

"Umelika upande wa pili." Akaupapasa tena. "Wewe hukuwahi kutupa mwiko, Orpah. Miaka yote nilingoja utupe, nijue mkono wako. Hukutupa."

Nilikaa chini. Kumbe ni hivyo! Kumbe ningekuwa mharibifu kama wanawake wengine ningepata wangu zamani! Hasira zilinipanda mpaka machozi yakatoka. "Si ungesema, mtu wewe?" nikamwambia. "Mdomo uliwekewa nini?"

"Sasa ningeweza kukuchongea," akasema. Kisha wote wawili tukakumbuka kisu kiko wapi. Alikufa kabla mwezi haujaisha.

Mjane kwetu hapiki siku ya maziko ya mumewe. Wanawake wa ukoo humpikia. Walikuja, ndiyo, wakasimama uani wamefunga mikono, hakuna aliyetaka kugusa jiko la mchawi. Watu walikuwa wengi, watoto wana njaa, na Angwenyi mzee ameketi anatazama chini. Basi nikainuka mwenyewe, mjane, nikatoa chungu kikubwa nje, nikatia maji, nikatia unga, nikaanza kukoroga, machozi na jasho vinaingia humo humo. Nikajisemea, mle msile, shauri yenu.

Mtu akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa Bonareri, na Kwamboka, msichana wa miaka minane hivi sasa, nyuma yake. Tangu siku ile ya kizingitini tulikuwa tunasalimiana tu. Akachukua mwiko mkononi mwangu. Akaushika kwa kushoto, mbele ya ukoo mzima, mbele ya Alfayo, akauingiza chunguni na kukoroga. Ukamgeukia. Akaurekebisha, ukamgeukia tena.

"Mama," akasema, "si wangu tena."

"Najua," nikamwambia. "Koroga hivyo hivyo."

Akakoroga. Hakuhamisha mkono. Alikoroga kwa kushoto mpaka chungu kikaiva, bega limemlowa jasho. Alfayo alisogea akashika chungu kisiyumbe. Ugali ulitoka na madonge. Bonareri akapakua, akaketi, akala wa kwanza, akampa Kwamboka. Kisha Angwenyi akanyosha mkono. Kisha mke wa Ogari, akitazama pembeni. Njaa ni njaa. Mwishowe ua mzima ulikuwa unatafuna.

Persis alikula pia. Alimaliza wake, akafuta vidole, akaninyoshea sahani nimwongeze. Chungu bado kilikuwa na ugali. Nilimtazama, nikafunika chungu.